Joto linapotelea wapi? Namna ya kupunguza matumizi ya gesi nyumbani bila kuhatarisha maisha

Ankara ya gesi ya majira ya baridi ni mzigo mkubwa kwa familia nyingi katika jimbo la Victoria. Kabla ya kununua mtambo mpya wa kupasha joto nyumba, yapo mambo kadhaa yanayoweza kurekebishwa kwa gharama ndogo. Lipo pia jambo moja la usalama ambalo mwenye kutaka kubana matumizi hapaswi kulipuuza.

Nchini Australia majira ya baridi huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Agosti 31. Usiku wa Julai mjini Melbourne, kipimajoto hushuka kwa kawaida hadi nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na katika miji ya bara kama Shepparton na Ballarat baridi huwa kali zaidi. Kwa mtu aliyekulia Mombasa au Uvira, ambako nyumba nzuri ni ile inayopitisha upepo, hali hii hudai mazoea mapya. Huko alikotoka, dirisha hufunguliwa ili joto litoke. Hapa joto hununuliwa, na kila upenyo unaolitoa nje huongeza gharama.

Victoria ndilo jimbo la Australia linalotegemea gesi zaidi katika kupasha joto nyumba. Takriban nyumba na biashara milioni 2 zimeunganishwa na mtandao wa gesi. Katika nyumba nyingi, hita moja huwekwa chini ya sakafu, darini au nje ya ukuta, nayo husukuma hewa ya moto kupitia mifereji hadi kwenye matundu ya kila chumba. Nyumba nyingine zina hita moja tu iliyofungwa ukutani sebuleni. Matumizi hupimwa kwa megajuli, na juu yake huongezwa tozo ya kila siku ya kuunganishwa na mtandao, ambayo hulipwa hata siku ambayo gesi haikuwashwa.

Safari ya joto kutoka motoni hadi chumbani

Ili kujua pa kuanzia, ni vyema kuufuata moto wenyewe. Gesi huwaka ndani ya chumba cha chuma. Moshi wake hupita upande mmoja wa bati jembamba, na hewa ya nyumba hupita upande wa pili ikipokea joto bila kuchanganyika na moshi huo. Kisha moshi hutoka nje kwa dohani, na hewa safi iliyopata joto husukumwa na feni kuelekea vyumbani.

Joto hupotea katika vituo vitatu vya safari hii. Kituo cha kwanza ni dohani, kwa kuwa moshi huondoka ukiwa bado na moto. Cha pili ni mifereji, iwapo imepasuka au imeachana kwenye maungio. Cha tatu ni nyumba yenyewe, kupitia dari, madirisha na nyufa za milango.

Wizara ya Nishati ya Marekani, nchi ambako mitambo ya aina hii imeenea sana, hueleza kwamba mitambo ya zamani ilikuwa na ufanisi wa asilimia 56 hadi 70. Maana yake ni kuwa katika kila sehemu 100 za nishati ya gesi iliyolipiwa, sehemu 56 hadi 70 tu ndizo zilizoingia katika hewa ya nyumba. Mitambo ya kisasa inayoupoza moshi mpaka mvuke wake ukawa maji hufikia ufanisi wa asilimia 90 hadi 98.5. Huko huko Marekani, mpango wa Energy Star hukadiria kuwa nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita katika mifereji yake kwa sababu ya matundu na maungio mabovu.

Hesabu ndogo ya mfano hulifafanua jambo hili. Familia ikinunua megajuli 100 za gesi, na mtambo wake una ufanisi wa asilimia 70, megajuli 70 huingia kwenye mifereji. Mifereji ikipoteza asilimia 25, zinazofika vyumbani ni megajuli 52.5. Karibu nusu ya gesi iliyolipiwa imekwisha kabla ya mtu yeyote kuhisi joto.

Iwapo familia hiyo itaubakiza mtambo wake wa zamani lakini itatengeneza mifereji mpaka upotevu ukashuka hadi asilimia 10, joto lile lile litapatikana kwa megajuli 83 badala ya 100. Iwapo badala yake itanunua mtambo mpya wenye ufanisi wa asilimia 90 na kuiacha mifereji ilivyo, itatumia megajuli 78. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni ndogo, ilhali tofauti ya bei kati ya kurekebisha mifereji na kununua mtambo ni kubwa. Ndiyo sababu si busara kuanza na mtambo kabla ya kuichunguza njia ambayo joto hupitia.

Chujio na mifereji

Kazi rahisi kuliko zote ni kusafisha chujio. Katika nyumba yenye mifereji kuna tundu moja kubwa, ukutani au darini, ambalo hurudisha hewa kwenye mtambo ili ipashwe joto upya. Nyuma ya wavu wa tundu hilo kuna chujio la kuzuia vumbi. Vumbi likijaa, feni huhangaika, hewa hupita kidogo, na joto lililokosa hewa ya kulibeba huishia kwenye dohani. Wakati mwingine mtambo hujizima wenyewe kwa kuzidiwa na joto.

Wakati wa baridi inafaa chujio likaguliwe angalau mara moja kwa mwezi. Mtambo huzimwa kwanza, chujio hutolewa, hufyonzwa vumbi au huoshwa kwa kufuata kijitabu cha mtengenezaji, kisha hurudishwa likiwa limekauka kabisa. Wenye zulia jipya, wanyama wa kufugwa au watoto wengi ndani ya nyumba watalikuta limejaa mapema zaidi. Ni muhimu pia kuhakikisha kuwa kochi, kabati au zulia havifuniki matundu ya hewa.

Mifereji ni jambo la pili. Aghalabu hutengenezwa kwa plastiki nyepesi iliyozungushiwa sufi ya kuhifadhi joto, nayo huning'inia chini ya sakafu au hulala darini. Panya na wanyama wengine huitoboa, mafundi hupita juu yake wakaibonyeza, na gundi ya maungio huchakaa kwa miaka. Dalili zake zinaweza kutambuliwa na mtu yeyote: chumba kimoja hubaki baridi ilhali vingine vina joto, au kipande cha karatasi laini kikishikwa mbele ya tundu hupepea kwa unyonge kuliko mbele ya matundu mengine. Kuingia chini ya sakafu na kuiunganisha upya mifereji hiyo ni kazi ya fundi.

Wengine hufunga matundu ya vyumba visivyotumika wakidhani kwamba gesi itapungua kwa kiasi kile kile. Kufunga tundu moja au mawili kwa kawaida hakuna madhara. Kufunga mengi huongeza msukumo ndani ya mifereji, hewa hutafuta njia kwenye maungio dhaifu, na mtambo hupata joto kupita kiasi. Inapowezekana, ni heri fundi aulizwe idadi ya matundu yanayopaswa kubaki wazi.

Nyumba inayovuja

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya Victoria methali hiyo inaweza kuchukuliwa kama ilivyo. Upepo unaopenya chini ya mlango wa mbele usiku kucha hulazimisha mtambo kuwaka tena na tena. Ukanda wa mpira wa kubandika kwenye fremu ya mlango, au mto mrefu uliojazwa mchanga na kuwekwa chini ya mlango, hugharimu dola chache na hauhitaji fundi.

Dari hudai uangalifu wa pekee, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda juu. Nyumba isiyo na sufi ya kuhami joto darini, au ambayo sufi yake imesogezwa na mafundi wa umeme na kuacha mapengo, hupoteza joto kwa wingi. Mwenye nyumba yake mwenyewe akiwa na fedha za kufanya jambo moja kubwa tu, kutandaza au kukamilisha sufi ya dari ni miongoni mwa chaguo bora. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye ujuzi, kwani sufi iliyofunika taa au nyaya za umeme huweza kusababisha moto.

Madirisha nayo yana utaratibu wake. Pazia zito linalofika sakafuni huzuia baridi ya kioo isiingie chumbani. Lakini mchana mapazia ya upande wa kaskazini yafunguliwe. Mtu aliyetoka karibu na Ikweta huenda asilione jambo hili haraka: katika kusini ya mbali ya dunia, jua la majira ya baridi hupita upande wa kaskazini wa mbingu, na madirisha yanayotazama huko hupokea joto la bure.

Nyuzi kwenye themostati

Mamlaka za nishati nchini Australia hupendekeza themostati iwekwe kati ya nyuzi 18 na 20 wakati wa baridi. Kila nyuzi moja inayoongezwa juu ya hapo huongeza matumizi ya nishati kwa makadirio ya asilimia 5 hadi 10. Familia iliyozoea kuweka nyuzi 24 inaweza kupata nafuu kubwa kwa kushusha themostati kidogo kidogo, nyuzi moja kila wiki, na kuvaa soksi na sweta ndani ya nyumba.

Ipo dhana kwamba themostati ikipandishwa hadi nyuzi 28 nyumba itapata joto haraka. Katika mitambo mingi mtambo huwaka kwa kasi ile ile, na kinachobadilika ni muda wa kuwaka kwake. Mtu husahau, na nyumba huishia kuwa na joto kuliko alivyokusudia. Vilevile, kuuacha mtambo ukiwaka usiku mzima au mchana ambapo hakuna mtu nyumbani ni kulipia joto lisilo na mtumiaji.

Hata hivyo, kubana matumizi hakumaanishi kuvumilia baridi inayodhuru. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, lilipendekeza nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba katika nchi za baridi. Watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa kifua wanaweza kuhitaji joto zaidi. Familia inayozima hita kwa hofu ya ankara huku bibi akitetemeka chumbani haijaokoa chochote.

Moto unahitaji pumzi

Hapa ndipo panapohitaji tahadhari kubwa kuliko pote. Gesi ikiwaka vizuri hutumia oksijeni na kutoa mvuke na kaboni dayoksaidi. Ikikosa hewa ya kutosha, au dohani ikiziba, hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo ya sumu haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake hufanana na za mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliyelala huenda asiamke.

Mwezi Mei 2010, ndugu wawili wadogo walifariki usingizini huko Mooroopna, jirani na Shepparton, eneo ambalo leo ni makazi ya familia nyingi za Kikongo. Kaboni monoksaidi iliyotoka kwenye hita ya gesi ndiyo iliyowaua. Mwaka 2017, mwanamke aliyeishi katika nyumba ya umma mjini Melbourne alifariki kwa hewa hiyo hiyo. Uchunguzi ulionyesha jinsi feni za kutoa hewa, katika nyumba isiyopitisha hewa ya kutosha, zinavyoweza kuuvuta moshi wa hita irudi ndani badala ya kutoka kwa dohani.

Funzo lake ni zito kwa kila anayeziba nyufa. Hita inayochukua hewa ya kuwashia moto kutoka chumbani humo humo hutegemea upenyo wa hewa. Chumba kikizibwa pande zote, kisha feni ya jikoni au ya bafu ikawashwa, hewa ya nje hutafuta njia kupitia dohani na kuusukuma moshi chini. Kwa hiyo tundu la hewa lililojengwa ukutani kwa ajili ya hita lisizibwe kamwe, na mwenye kutaka kuziba nyufa katika nyumba yenye hita ya namna hii azungumze na fundi kwanza.

Energy Safe Victoria, mamlaka ya usalama wa nishati ya jimbo hilo, hushauri kila hita ya gesi ihudumiwe na fundi mwenye leseni angalau mara moja kila baada ya miaka miwili, na hita hiyo ipimwe kama inatoa kaboni monoksaidi. Huduma hiyo hulinda maisha na pia hupunguza gesi inayopotea, kwa kuwa vichomeo vichafu huunguza vibaya. Ndimi za moto zinapaswa kuwa za buluu. Zikigeuka manjano, isipokuwa katika hita za mapambo zilizotengenezwa hivyo, au masizi yakionekana ukutani, hita izimwe na fundi aitwe. King'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala ni kinga ya ziada, lakini hakichukui nafasi ya ukaguzi.

Jiko la mkaa, linalojulikana na kila familia ya Afrika Mashariki, lisiingizwe ndani kwa ajili ya kuota moto, hata kwa muda mfupi. Mkaa unaofuka katika nyumba iliyofungwa huzalisha sumu hiyo hiyo.

Haki za mpangaji

Wahamiaji wengi wapya ni wapangaji, na huona kuwa hita ni jambo la mwenye nyumba pekee. Kwa hakika sheria imewapa nguvu. Chini ya kanuni zilizoanza kutumika Victoria tarehe 29 Machi 2021, nyumba ya kupangisha inapaswa kuwa na hita ya kudumu inayofanya kazi katika sebule kuu, na kuanzia Machi 29, 2023 hita hiyo iwe yenye ufanisi wa nishati. Kwa mikataba iliyoanza tangu tarehe hiyo ya mwaka 2021, mwenye nyumba anawajibika kuhakikisha gesi inakaguliwa na fundi kila baada ya miaka miwili. Mpangaji anaweza kuomba taarifa ya ukaguzi kwa maandishi.

Hita kuharibika au gesi kuvuja ni matengenezo ya dharura. Mwenye nyumba asipochukua hatua haraka, mpangaji anaweza kuagiza matengenezo yenye thamani ya hadi dola 2,500 na kurejeshewa fedha zake ndani ya siku 7. Risiti na ujumbe wote uliotumwa vihifadhiwe.

Kwa wenye kipato kidogo, serikali ya jimbo hutoa punguzo la asilimia 17.5 kwenye ankara za gesi kuanzia Mei 1 hadi Oktoba 31. Hutolewa kwa wenye kadi zinazostahili, ikiwemo Health Care Card. Kampuni ya gesi lazima iwe na taarifa za kadi hiyo. Ni vyema ankara isomwe ili kuthibitisha kuwa punguzo limeandikwa.

Kutengeneza au kuachana na gesi?

Mtambo uliozeeka hufikia siku ambayo matengenezo hayana maana tena. Anayenunua hita mpya ya gesi atazame kibandiko cha nyota: kadiri nyota zinavyozidi, ndivyo gesi inavyotumika kidogo. Lakini kuna chaguo jingine. Kiyoyozi cha umeme kinachotoa baridi na joto hakitengenezi joto kwa kuunguza kitu, bali hulivuta kutoka hewa ya nje. Kwa sehemu moja ya umeme, kinaweza kuingiza ndani sehemu 3 au zaidi za joto, wala hakitoi kaboni monoksaidi.

Sera ya jimbo nayo inaelekea huko. Tangu Januari 1, 2024, nyumba mpya zinazohitaji kibali cha mipango miji haziunganishwi tena na gesi, na mpango wa Victorian Energy Upgrades hutoa punguzo kwa wanaobadilisha hita zao za gesi kuwa za umeme. Nyumba iliyoondoa gesi kabisa huepuka pia ile tozo ya kila siku. Punguzo hilo huvutia wachuuzi wa kila aina, hivyo mkataba usisainiwe mlangoni kabla ya kulinganisha bei.

Kwa familia isiyo na uwezo wa kununua mtambo msimu huu, mpangilio ulio bora ni huu: hita ihudumiwe kwanza na ipimwe usalama wake, chujio lisafishwe, mifereji ikaguliwe, nyufa zizibwe kwa ushauri wa fundi, kisha themostati ishushwe taratibu. Asiyejiweza kwa Kiingereza anaweza kupiga simu 131 450 na kuomba mkalimani wa Kiswahili wa huduma ya TIS National, ili azungumze na taasisi anayoihitaji. Mtu akihisi dalili za sumu ya kaboni monoksaidi, wote watoke nje mara moja na kupiga simu 000.